Naomba ushauri: nataka makala yangu ya utafiti ijitengeneze PDF yenyewe kutoka kwenye data, nianzie wapi?

Binti_Uluguru

Habari zenu wakuu. Nipo Morogoro, nimemaliza shahada ya uzamili ya kilimo na makala yangu imerudi kutoka kwa wahakiki. Nina siku 21 za kuirekebisha.

Utafiti ni wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Vitalu 6, kila kitalu vipande 8, jumla vipande 48. Data nilikusanya kwa karatasi, nikaingiza Excel, nikachambua kwa R (programu ya takwimu), kisha nikawa nanakili namba moja moja kwenda Word. Michoro nayo nilikuwa naihifadhi kama picha na kuibandika.

Wakati naandika, msimamizi akaniambia nitoe vipande viwili ambavyo mbuzi waliingia na kula mahindi. Nikavitoa, nikachambua upya, nikabadilisha jedwali. Sasa mhakiki ameandika hivi: ikisiri inasema uharibifu ulipungua kwa asilimia 31.4, Jedwali la 3 linasema 29.8, je, ipi ni sahihi? Nimekaa siku mbili naitafuta hiyo 31.4 imetoka wapi. Ni ya kabla ya mbuzi. Niliisahau kwenye ikisiri, na nimeikuta tena kwenye hitimisho.

Imeniuma sana, kwa sababu kazi ya shambani niliifanya kwa uaminifu wote. Sitaki mtu aitilie shaka kwa sababu ya kunakili.

Nimesikia kuna watu wanaandika amri moja tu na makala nzima inatoka, majedwali, michoro na namba zote zikiwa mpya. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, Windows, na bando ni la kubana. Waandishi wenzangu wawili wanatumia Word pekee. Natanguliza shukrani.

Fundi_Skripti

Pole dada. Unachokitaka kinawezekana kabisa, na ukijua R kidogo nusu ya safari umeshaimaliza.

Usiandike namba ya matokeo kwa mkono hata mara moja. Tumia Quarto, programu inayochanganya maandishi na hesabu kutoa makala. Ilitoka 2022, inafanya kazi na R na Python, na ni ndugu wa R Markdown kama umewahi kuisikia. Unaandika makala kwenye faili la kawaida la maandishi, lenye mwisho wa .qmd, na mahali pa namba unaweka hesabu yenyewe. Ikisiri yako ingesomeka hivi:

```
Uharibifu ulipungua kwa asilimia `r round(punguzo, 1)`.
```

Ukiagiza PDF, R inakokotoa kwanza, inaweka 29.8 pale, ndipo ukurasa unapangwa. Hitimisho nalo linaita `punguzo` hiyohiyo. Ukitoa vipande vingine viwili kesho, namba zote mbili zinabadilika kwa pamoja.

Kuhusu bando: watu watakuambia pakua TeX Live nzima, mkusanyo kamili wa LaTeX (mfumo wa kupanga kurasa za PDF), ambayo ni GB kadhaa. Usifanye hivyo. Andika `quarto install tinytex` upate LaTeX ndogo inayotosha kazi nyingi. Kama jarida lako halidai LaTeX, tangu toleo la 1.4 Quarto inakuja na Typst, mfumo mwingine wa kupanga kurasa, ndani yake, inatoa PDF bila kupakua kitu kingine chochote.

Pwani_Data

Naunga mkono, ila nina jambo la kuongeza kutoka huku Mombasa. Usitie uchambuzi wote ndani ya faili la makala. Mimi nilifanya hivyo kwenye kazi ya takwimu za samaki; kila nikirekebisha koma moja nasubiri dakika kumi hesabu ziishe. Tenganisha: skripti (faili la amri za R) ya kusafisha, skripti ya kuchora, kisha makala. Halafu tumia Make kuziunganisha.

Make ni programu ya zamani, Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, na mpaka leo sijaona iliyo nyepesi kuliko hiyo. Inaangalia saa ambayo kila faili lilibadilishwa mwisho. Kama data ghafi ni mpya kuliko data safi, inasafisha upya. Kama hakuna kilichobadilika, inapita. Unaandika faili linaloitwa Makefile hivi:

```
makala.pdf: makala.qmd data/safi.csv michoro/uharibifu.pdf
	quarto render makala.qmd --to pdf

data/safi.csv: data/ghafi.csv skripti/safisha.R
	Rscript skripti/safisha.R

michoro/uharibifu.pdf: data/safi.csv skripti/chora.R
	Rscript skripti/chora.R
```

Kushoto mwa nukta mbili ni kinachotakiwa, kulia ni kinachohitajika ili kipatikane, mstari wa chini ni namna ya kukipata. Kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) unaandika `make`, basi. Windows haina Make, lakini ukisakinisha Rtools, imo ndani yake.

Na hao mbuzi: usifute mstari wowote kwenye data ghafi. Faili ghafi likae kama lilivyotoka shambani. Kuondoa vipande kuandikwe kwenye safisha.R, na sababu yake juu yake:

```
# mbuzi waliingia, mahindi yaliliwa kabla ya kipimo cha tatu
safi <- subset(ghafi, !kipande %in% c("2-3", "5-1"))
```

Namba za vipande nimebuni, weka zako.

Binti_Uluguru

Asanteni sana. Pwani_Data, umeandika "2-3" na moyo umenipasuka. Vipande vyangu naviita hivyohivyo, kitalu halafu kipande. Nimefungua faili langu la Excel sasa hivi, safu nzima imekuwa 02-Mar, 05-Jan, 06-Aug. Kila kitu kimegeuka tarehe! Kwenye R nilikuwa natumia safu nyingine ndiyo maana sikuona.

Mzee_wa_Takwimu

Tulia binti, hilo linarekebishika kwa sababu karatasi zako unazo. Na halijakupata wewe peke yako. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina rasmi kama MARCH1 na SEPT1, kwa kuwa Excel ilikuwa inayageuza tarehe kwenye mafaili ya watafiti dunia nzima. Ingiza upya safu hiyo ukiwa umeipanga kuwa maandishi, au andika K2P3 badala ya 2-3. Ukishahifadhi kama CSV (faili la data la maandishi matupu), usiifungue tena kwa Excel na kuihifadhi.

Nimefundisha takwimu miaka mingi na nasema hili kwa dhati: hiki mnachokiongelea ndicho uadilifu wa kazi. Jon Claerbout, mwanajiofizikia wa Stanford, alikuwa anawataka wanafunzi wake wafanye hivi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikuwa na amri ya `make burn`, inayofuta michoro yote, kisha `make build`, inayoitengeneza upya kutoka kwenye data. Mchoro usioweza kuzaliwa upya ulionekana hapo hapo.

Fanya jaribio hilohilo. Futa data safi, futa michoro, futa PDF. Ubaki na data ghafi, skripti na maandishi. Agiza upya. Kikikosekana kitu, kuna mahali umefanya kazi kwa mkono bila kuiandika. Kisha mpe mwenzako folda nzima ajaribu kwenye mashine yake. Hapo ndipo utagundua umeandika njia ya faili inayoanzia `C:/Users/` na jina lako, kitu ambacho kwenye laptopu ya mwingine hakipo.

Zaituni_R

Nami niongeze la matoleo, maana lilinikuta. Dada, kama umetumia `sample()` au hesabu yoyote ya bahati nasibu, angalia toleo la R. Kuanzia R 3.6.0, iliyotoka Aprili 2019, namna `sample()` inavyochagua ilibadilishwa. Ukiweka `set.seed(123)` ileile (namba ya kuanzishia bahati nasibu), mashine ya zamani inakupa jibu moja, mpya inakupa lingine, na wote wawili hamjakosea. Mimi na mwenzangu tulibishana wiki nzima juu ya tofauti kwenye nafasi ya desimali ya pili.

Kwenye folda ya kazi andika `renv::init()`, na ukimaliza `renv::snapshot()`. Inatengeneza faili linaloitwa renv.lock lenye orodha ya vifurushi vyote (nyongeza za R) na matoleo yake. Mwenzako akiandika `renv::restore()` anapata vilevile vyako. Toleo la R lenyewe linaandikwa humo ila halisakinishwi, hilo analiweka mwenyewe.

Docker ingefunga kila kitu mpaka mfumo endeshi, lakini kwa GB 4 za RAM itakutesa. Waachie seva: weka mradi GitHub (tovuti ya kuhifadhi miradi kwa Git, programu inayotunza historia ya mafaili), tumia GitHub Actions, kila ukituma badiliko mashine ya kwao inajenga PDF na wewe unapakua PDF tu. Kwa mradi wa wazi ni bure, na wa faragha unapewa dakika 2,000 kwa mwezi. Bando lako linapona, na papo hapo unapata uthibitisho kwamba makala inajengeka nje ya laptopu yako.

Mzee_wa_Takwimu

Zaituni, ushauri mzuri, ila kabla hajapandisha chochote: binti, mashamba ni ya chuo au ya wakulima?

Binti_Uluguru

Ya wakulima, Dokta. Data ina majina yao, namba za simu na GPS ya kila shamba.

Mzee_wa_Takwimu

Basi shika hapo. Tenga majina, simu na GPS kwenye faili lingine kabisa, lisiingie kwenye Git tangu siku ya kwanza. Git haisahau; ukifuta faili leo, bado limo kwenye historia na mtu anaweza kulitoa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, wakulima hao walikufungulia mashamba yao kwa kukuamini. Uchambuzi wako unahitaji kitalu, kipande, matibabu na kipimo. Majina hayahitajiki popote.

Kuhusu wenzako wa Word, badilisha `--to pdf` iwe `--to docx` uwatumie hilo wachangie maoni. Marekebisho yao uyaingize wewe kwenye .qmd. Wasiandike juu ya docx mkaifanya ndiyo makala, mtarudi palepale mlipotoka.

Binti_Uluguru

Siku ya sita leo. Nimeandika Makefile, inaniletea hii:

```
Makefile:2: *** missing separator.  Stop.
```

Nimeisoma mara ishirini, sioni kosa.

Pwani_Data

Mstari wa 2 umeanza kwa nafasi za kawaida, Make inataka tab. Ukinakili kutoka kwenye kivinjari tab hugeuka nafasi, ningekuonya mapema. Futa nafasi zote mwanzoni mwa mstari, bonyeza kitufe cha Tab mara moja. Fanya hivyo kwenye mistari yote mitatu ya amri.

Binti_Uluguru

Imekubali! Nimefuta kila kitu kama alivyosema Dokta, nikaandika `make`, nikaangalia inasafisha, inachora, inapanga. PDF imetoka yenye vipande 46 na asilimia 29.8 sehemu zote tano. Ya tano sikuwa naijua, ilikuwa kwenye maelezo chini ya Mchoro wa 2.

Kisha nikampa mwenzangu wa chumbani folda. Kwake ilikwama mara mbili: njia ya faili kama mlivyosema, na kifurushi kimoja nilichosakinisha bila kukiingiza kwenye renv. Nimerekebisha, sasa inatoka kwake pia.

Swali moja la mwisho. Tumelinganisha PDF yangu na yake, maandishi ni yaleyale lakini kompyuta inasema mafaili ni tofauti. Kwa nini?

Fundi_Skripti

PDF hubeba saa iliyotengenezwa ndani yake. LaTeX inaheshimu kigezo cha mazingira kinachoitwa SOURCE_DATE_EPOCH. Mkikiweka namba moja nyote wawili, tofauti hiyo inaondoka. Kwa jarida huhitaji kwenda huko. Linganisheni data/safi.csv na namba za majedwali, zikilingana tuma.

Ukikubaliwa, weka skripti na data safi Zenodo (hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti) upate DOI, yaani kitambulisho cha kudumu, uitaje kwenye makala. Ni bure, inaendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya.

Binti_Uluguru

Nitafanya hivyo. Nimetuma leo asubuhi, siku ya 17. Mhakiki wa pili alikuwa ameuliza vile vipande viwili vilienda wapi. Kwenye barua ya majibu nimemwelekeza mstari wa 12 wa safisha.R, ambako imeandikwa tarehe mbuzi walipoingia na ni vipande gani. Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki.