Ndege za jeshi kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha raia: tuanzie wapi?

Jirani_wa_Njia aliuliza:

Wadau, salaam. Kuna kiwanja kidogo cha ndege huku Magharibi mwa Kenya, cha raia, jina naliacha kwanza. Siku hizi ndege za mafunzo za jeshi na helikopta zinazunguka hapo Jumatatu hadi Ijumaa, pengine hadi saa tatu usiku. Zinagusa lami na kupaa, zinagusa na kupaa. Shule ya msingi iko karibu kilomita moja kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Baraza halikuitwa, na chifu anasema naye aliziona angani kama sisi. Wazee wanataka tuandamane hadi getini, vijana wanataka kurusha video mtandaoni. Kabla ya hayo: ushahidi gani unahesabika, sheria inatushika mkono wapi, na tuombe nini ambacho tunaweza kukipata kweli?

Upepo_wa_Ziwa alijibu:

Jueni kwanza kinachofanyika. Ndege yenye mabawa huzunguka futi 1,000 hivi juu ya ardhi, helikopta mara nyingi chini ya hapo. Mzunguko mmoja ni dakika tano au sita, kwa hiyo saa moja ni kama mara kumi. Kelele kubwa ni ya kupaa, injini ikiwa imefunguliwa yote, na wanaoipata ni walio upande ambao upepo unatokea, kwa sababu ndege hupaa ikiukabili.

Halafu kuna mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, Eldoret inapita 2,100. Hewa ni nyepesi, na jua la saa nane linaifanya nyepesi zaidi. Ndege hukimbia sana kabla ya kuinuka, kisha hupanda polepole, hivyo inapita juu ya mabati yenu ikiwa chini kuliko ambavyo ingepita Mombasa. Mtu akiwaambia kwamba ndege hiyohiyo haisumbui watu Pwani, jibu ndilo hilo.

Asubuhi ndege hupanda vizuri zaidi, lakini ndipo watoto wako darasani. Ndiyo maana naona ombi zuri ni la upande, kuliko la saa peke yake. Mzunguko wa kawaida hugeukia kushoto, lakini unaweza kupangwa kulia panapofaa. Chukueni Kisumu kama mfano: njia yake ni 06/24, yaani 06 inaelekea kaskazini-mashariki na 24 kusini-magharibi, na ziwa liko kusini. Anayepaa kuelekea 24 akigeuka kushoto anaingia juu ya Ghuba ya Winam, lakini anayepaa kuelekea 06 akigeuka kushoto anaelekea vilima vya Riat, nchi kavu. Chukueni ramani ya kwenu, mchore pande zote mbili, mhesabu shule, zahanati na nyumba zilizo chini ya kila mzunguko. Karatasi hiyo moja itasikilizwa kuliko saini elfu zisizo na ramani.

Msitegemee programu za simu za kufuatilia ndege. Ndege za jeshi mara nyingi hazionekani humo.

Desibeli alijibu:

Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya EMCA, sheria ya mazingira ya Kenya, zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku, nje ya nyumba kwenye makazi. Mchana wa kanuni ni saa 14 na unaisha saa mbili usiku, kwa hiyo mazoezi ya saa tatu yanapimwa kwa kiwango cha usiku. Hiyo 50 ni wastani wa saa zote 14. Hapo ndipo wengi hukwama: wanaleta kipimo kimoja cha desibeli 80 na afisa anawaambia ilikuwa sekunde chache tu.

Hesabu inakwenda hivi. Ndege ikipita kwa desibeli 75 kwa sekunde 20, ukiitandaza kwenye saa 14 inakuwa 41. Iko ndani ya kiwango. Zikipita kumi, inakuwa 51, na tayari mmevuka. Zikipita thelathini ni karibu 56. Kwa maneno mengine, idadi ya mizunguko ndiyo kesi yenu, na daftari lenye saa na dakika ya kila mpito lina uzito sawa na mashine.

Mashine yenyewe iwe mita ya sauti ya daraja la kwanza au la pili. Programu ya simu ni ya kujionea tu, maikrofoni yake ilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Iwekeni mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, mbali na ukuta angalau mita 3.5, maikrofoni ikiwa na sponji ya kuzuia upepo. Ihakikisheni kwa kifaa cha kusawazisha kabla na baada. Tofauti ikizidi desibeli moja, tupeni vipimo vya siku hiyo. Mpime pia siku zisizo na ndege, la sivyo mtaambiwa ni bodaboda na posho mill. Kwa helikopta rekodini kipimo cha A na cha C, mipangilio miwili ya mita hiyo, kwa kuwa A hupunguza ule mngurumo mzito unaotikisa madirisha.

Kifungu_70 alijibu:

Msiende kusema jeshi liondoke. Ulinzi ni kazi ya serikali kuu na hapo mtashindwa mapema. Mahali palipo laini ni utaratibu. Viwanja vya ndege vimo kwenye Jedwali la Pili la EMCA, miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Ulizeni: tathmini ya kiwanja hiki ilitaja mafunzo ya kijeshi? Ilitaja ndege za usiku? Na mbona Laikipia kule Nanyuki, ambako jeshi lina kambi yake ya ndege, hapatoshi?

Barua ya kuomba taarifa msiipeleke kwa jeshi kwanza, mtajibiwa kwa neno moja, usalama. Ipelekeni kwa mwenye kiwanja na kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombeni leseni, ripoti ya tathmini na makubaliano ya matumizi. Wana siku 21. Wakikataa, mna siku 30 kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki za Utawala.

Kaunti nayo msiiache. Jedwali la Nne la Katiba linaipa udhibiti wa kelele, hata kama ulinzi si wake. Bungeni, ombi lenu liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa, lieleze mliwahi kulalamika wapi na kama kuna kesi mahakamani. Wengi hurudishwa kwa kusahau hayo mawili.

Mkifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ibara ya 70 ya Katiba haiwadai muonyeshe hasara ya mtu binafsi. Udhaifu ni huu: kifungu cha 102 cha EMCA, kinachofanya kelele kuwa kosa, kinaanza kwa kujiweka chini ya Sheria ya Usafiri wa Ndege za Kiraia. Ndiyo maana desibeli ziwe ushahidi wa madhara, lakini hoja kuu ibaki tathmini na ushirikishwaji wa umma.

Kisiwa cha Whidbey huko Marekani walipita njia hiyo. Mwaka 2022 mahakama ilisema Jeshi la Wanamaji halikuchambua vya kutosha athari za ndege zake za kivita za Growler kwa masomo ya watoto na kwa ndege wa porini, wala halikupima vizuri uwezekano wa kuzihamishia El Centro, California. Lakini ndege hazikusimama. Kilichoamriwa ni uchambuzi ufanywe upya. Msiwaahidi watu zaidi ya hapo.

Mzalendo_Lanet alijibu:

Rubani asiyefanya mizunguko hiyo ndiye atakayewaangukia. Huku Lanet, Nakuru, tunaishi na kambi ya jeshi. Sipingi barua, ila muwe waangalifu: msipige picha ndani ya ua, msirushe droni karibu na kiwanja, na kijana yeyote akimulika rubani kwa leza atafungwa na hoja yenu itaisha siku hiyo. Maandamano nayo yanataka notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya 14 kabla. Nendeni kwa Naibu Kamishna wa Kaunti, mwombe mtu mmoja wa jeshi wa kupigiwa simu na ratiba ya wiki. Hizo mtapewa. Na muombe wasiruke saa za KCSE, mtihani wa taifa wa sekondari, hiyo hakuna kamanda atakayekataa.

Jirani_wa_Njia aliandika:

Asanteni sana. Swali la mwisho: helikopta ilipita chini na kuinua mabati ya nyumba ya mama mmoja mjane. Hilo linaingia kwenye ombi la wote?

Kifungu_70 alijibu:

Hapana, litenganisheni. Hilo ni dai la fidia dhidi ya serikali, na muda wake ni miezi 12 tangu siku ya tukio. Mkisubiri ombi la kijiji litapitwa. Picha kabla fundi hajagusa, misumari iliyong'oka iwekwe kando, barua ya chifu msaidizi yenye tarehe na saa, na makadirio ya mafundi wawili. Mkaguzi atauliza mbao zilikuwa na hali gani, kwa hiyo pigeni picha za kenchi pia, hata kama zimeliwa na mchwa.