Naombeni ushauri: begi laini au kesi ngumu ya kubebea tuba?

binti_besi
Habari za muda huu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo ya matarumbeta. Mi napiga besi kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu huku Tukuyu, na tumepata tuba (lile tarumbeta kubwa la besi) kutoka usharika rafiki wa Ujerumani, ni Miraphone 186 ya zamani, BBb (yaani ya besi nene kabisa), valvu nne za rotari (zinazozunguka, siyo pistoni), sauti yake acheni tu. Shida imekuja uchi. Hamna begi hamna kesi, ilikuwa imeviringishwa mablanketi ndani ya kontena na ndo ivo ivo tukaipokea. Saivi naibeba imefungwa shuka na kamba, na mvua ya huku mnaijua haina adabu.

Matumizi yake: nyumbani hadi kanisani naenda kwa miguu, siku nyingine bodaboda. Jumamosi kuna harusi na misiba vijijini, tunabanana kwenye Noah. Halafu mara moja moja safari ndefu ya basi, Mbeya mjini, Iringa, mpaka Dar kwenye makongamano. Nimepima beli (ule mdomo mpana) ni sm 42, urefu mita moja kasoro kidogo, uzito sijapima ila mgongo wangu unaujua.

Mwenyekiti wa kikundi anataka kesi ngumu, anasema begi ni la wanafunzi. Mwalimu wetu anasema begi. Bajeti laki tatu, tukijibana sana nne. Nifuate yupi?

pistoni_tatu
Kesi ngumu mkuu, hakuna mjadala. Uzi ufungwe.

jirani_wa_kwaya
Mwambieni seremala wa hapo kijijini awapigie boksi la plaiwudi, aweke na mishikio pembeni. Ila siku mkifika nalo msibani watu watajua mmeleta marehemu wa pili 😂😂

suzafoni_dsm
Dada karibu kwenye ukoo wa wabeba mizigo. Mi nipo Dar napiga suzafoni harusini, zile za kupanda nyuma ya pickup na kuzunguka mtaa mzima na maharusi. Sisi wengi hatuna kesi kabisa, suzafoni ukishaivaa mwilini ndo umeshaibeba, tukimaliza tunafungua beli ile kubwa tunaiweka kwenye mfuko wake, mwili unaingia kwenye siti ya nyuma. Lakini tuba yako beli haifunguki kwa hiyo usifuate yetu. Ninachoweza kukwambia ni kwamba Noah ina adui mmoja tu, yule mtu anayeingia wa mwisho na kukalia kitu asichokiona. Begi likiwa jeusi limelala chini huko nyuma mtu anajua ni magodoro, anaweka spika juu. Chagua rangi inayoonekana.

Omosh_Eflat
Sasa dadangu, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mtu wa Jeshi la Wokovu, kwetu bendi ni kitu ya kila Jumapili kwa hiyo hizi besi tumezibeba kwa matatu miaka mingi. Wacha nikuambie ukweli, kesi ngumu kwa matatu haiingii. Hata kama iko na magurudumu, makanga atakuangalia tu vile unaangalia mtu amebeba kabati, ama akucharge viti mbili, na ile kesi hata kwa kiti haikai. Tulijaribu masanduku ya bati ya jua kali pale Kamukunji, yale kama ya watoi wa boarding lakini kubwa. Ni strong kabisa, ila ni ya kukaa store ya kanisa, si ya kubebwa na mtu mmoja.

Kitu kingine, usikubali mtu akuuzie begi ya Eflat (tuba ndogo kuliko yako) ama ya zile tuba za Kiingereza bila kujaribu. Zetu ziko na pistoni tatu juu na ya nne iko pembeni ya mkono wa kushoto, kwa hiyo begi zake zimepanuka mahali yako haijapanuka. Yako ya rotari valvu ziko mbele kwa tumbo. Begi ikibana hapo, hizo vidude vya kubonyeza ndio vinasukumwa, na ukifika harusi unapata valvu moja imekwama.

binti_besi
Asante kaka Omosh, hilo la valvu sikuliwaza kabisa. @jirani_wa_kwaya umenichekesha lakini ujue mwenyekiti alishalitaja hilo boksi 🙈

mzee_wa_posauni
Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupiga besi. Vijana wote siku hizi wanakimbilia sauti ya kwanza, besi wanaachiwa wazee wenye mapafu mabovu.

Sasa sikiliza. Hao wawili wanaobishana, mwenyekiti na mwalimu, kila mmoja ana safari yake kichwani. Mwenyekiti anaona basi la Dar, mwalimu anaona njia ya kanisani. Wote wako sawa kwenye safari zao. Wewe jiulize tuba hii wiki nzima inaishi wapi, na kwa ulivyoeleza inaishi mgongoni mwako. Kesi ngumu ya tuba ikiwa tupu inaweza kukaribia uzito wa tuba yenyewe, zingine zinaizidi. Tuba kama hiyo ni kilo nane, tisa, kumi hivi, weka na kesi, halafu panda kilima cha Tukuyu na mvua. Utaanza kuiacha kanisani, hutafanya mazoezi nyumbani, na besi asiyefanya mazoezi nyumbani kikundi kizima kinajua.

Begi laini nalo tusilisifie lisichokiweza. Begi linazuia mikwaruzo, mvua ya njiani, kugongwa kidogo kwenye mlango. Halizuii uzito kutoka juu. Ukiliweka kwenye buti la basi na magunia ya viazi yakaja juu yake, beli itakunjwa hata sponji iwe nene vipi. Nimeliona hilo kwenye basi moja la mkoani, kondakta ameapa kabisa hataweka kitu juu, tumefika beli imekuwa kama sikio la tembo. Kwa hiyo sheria ya begi ni moja, begi haliendi kwenye buti. Tuba inakaa ndani na wewe. Unakata siti ya pili, unailaza au unaikalisha unaifunga mkanda, valvu zikiangalia juu au upande wako, zisibebe uzito. Hiyo nauli ya siti ya pili kwa safari zenu chache za mwaka bado ni ndogo kuliko kesi ngumu nzuri, na ni ndogo kuliko kunyoosha beli, maana mafundi wa kunyoosha shaba bila kuipasua hapa nchini wanahesabika.

Mtakuja kuhitaji kesi ngumu siku mkialikwa mbali kwa ndege, au mkianza kusafirisha vyombo vyote kwa lori. Siku hiyo ikifika mtaitafuta. Leo nunueni begi.

La kuangalia kwenye begi: chini kabisa, pale kwenye bomba la kitako, ndipo panapotua kila ukiliweka begi sakafuni, na watu wakichoka hawaweki, wanadondosha. Sponji ya hapo iwe mara mbili ya kwingine. Pale juu kwenye ukingo wa beli pawe na duara gumu, siyo sponji tu. Ukilivaa mgongoni beli inapita kichwa chako, kila mlango mfupi utakuwa wa kwanza kuugusa na huo ukingo. Na mausipisi (kile kipande cha kupulizia) isikae ndani pamoja na tuba, iwe na mfuko wake wa nje au wako mwenyewe, ikiachwa huru humo ndani inagonga bomba njia nzima.

pistoni_tatu
Mzee nakuheshimu ila siti ya pili nani atalipa? Kikundi hakilipi hata soda ya mpigaji. Mnampa binti mzigo wa kila safari.

mzee_wa_posauni
Kikundi. Iandikwe kwenye kikao kabla begi halijanunuliwa. Besi ni ya usharika, si ya binti.

kijana_wa_leipzig
Habari dada, mi nipo Ujerumani nasoma, nacheza posauni (trombone) kwenye kikundi cha kanisa huku, sharika nyingi zina kile wanachoita Posaunenchor, yaani kikundi cha matarumbeta cha kanisa, ndo maana vyombo vingi vinatoka huku. Kabla hujanunua chochote waandikie hao rafiki zenu uwaulize kesi ya hiyo tuba iko wapi. Siyo utani. Mara nyingi chombo kikipakiwa kontenani kesi inaachwa kwa sababu inakula nafasi, ipo darini kwa mtu au stoo ya kanisa inakusanya vumbi. Huku wanaiita Koffer, na begi wanaliita Gigbag, ukiwaandikia kwa majina hayo wanakuelewa faster.

Kama haipo, wanaweza kutafuta ya mkononi, kwenye tovuti ya Kleinanzeigen watu wanauza vitu hivyo kila siku, na begi la 186 ni rahisi kupata kwa sababu modeli hiyo imeuzwa sana. Wakileta kwa kontena linalofuata au mgeni akija nalo, begi tupu linakunjika linaingia kwenye sanduku lake. Kesi tupu haikunjiki. Mizigo ya ndege kwa mashirika mengi kawaida ni kilo 23 na urefu+upana+kimo jumla sm 158, kesi ya tuba inapita hapo hata haijaguswa, ni malipo ya ziada moja kwa moja.

Mpya za viwandani kama Gard, Protec au Gewa ni nzuri ila begi la tuba kwa kawaida ni dola mia mbili na kitu kwenda juu, bado usafiri, bado ushuru. Laki nne haitoboi.

binti_besi
Duh kaka hilo la kuuliza Koffer nalifanya leo leo. Ila kontena linalofuata hatujui ni lini, na masika hayasubiri. Huku nyuma niibebeje?

fundi_turubai
Hapo sasa ndo kwangu. Mi ni fundi wa viti vya magari na maturubai Mbeya mjini, tumeshashona mabegi ya spika, ya kinanda, ya ngoma, tuba haitushindi. Kwa laki tatu unapata begi zuri na chenji ya siti ya pili inabaki.

Nje: turubai la lori, lile la kupaka plastiki, sio kanvasi tupu maana kanvasi inalowa. Ndani watu wengi wanaweka sponji ya godoro peke yake, hapo wanakosea, godoro linanyonya maji na likishalowa halikauki, linaoza humo humo na shaba yako inakaa kwenye unyevu. Weka tabaka mbili. La nje ile mikeka migumu ya watoto ya kuunganisha vipande, ya rangi rangi, ile hainywi maji na inakataa kubonyea. La ndani ndo sponji laini sm mbili. Kisha bitana ya kitambaa cha flisi kisichokwaruza.

Zipu namba 10, chuma au plastiki nene, ianzie kwenye beli ishuke mpaka chini ili tuba iingie kwa ubavu usiisukume kama mkono kwenye soksi. Nyuma ya zipu lazima kuwe na ulimi wa kitambaa, la sivyo meno ya zipu yatachora rangi ya tuba mstari mzima. Mikanda ya mgongoni nashona ya seat belt ya gari, na haishonwi kwenye turubai pembeni tu, inazunguka inapita chini ya kitako cha begi, ili uzito ubebwe na mkanda, siyo uzi. Hapo ndo mabegi mengi ya bei rahisi yanapokatikia.

suzafoni_dsm
Fundi umeua. Na hiyo mikeka ya watoto Kariakoo imejaa.

mama_eufonia
Niongezee kidogo. Kabla ya kuingiza kwenye begi mwaga maji yote kwenye mabomba, usifunge chombo kimelowa ndani, na ukifika nyumbani acha zipu wazi. Sisi huku Tanga na hii hewa ya bahari tunaona, shaba ikikaa na unyevu inaanza kutoa vidoa vya pinki, hiyo ni zinki inatoka kwenye shaba na vikishaanza havirudi. Na kama ni chombo cha fedha usikiwekee bitana ya sufu, kinakuwa cheusi haraka.

Omosh_Eflat
Fundi unatuma Nairobi? 😅

fundi_turubai
@Omosh_Eflat begi natuma, ila kipimo utanitumiaje?

binti_besi
Wakuu asanteni sana. Nimeongea na mwalimu na mwenyekiti nikawasomea maneno ya mzee, mwenyekiti kakubali shingo upande, kasema siti ya pili itaingia kwenye bajeti ya safari, na kesi itafuatiliwa Ujerumani taratibu. Kwa hiyo nashonesha begi, rangi ya chungwa kama alivyosema suzafoni. @fundi_turubai nitakutumia vipimo leo: beli 42, urefu...

fundi_turubai
Usitume vipimo dada. Leta tuba yenyewe, ilale kwenye meza nikate juu yake. Zile valvu za tumboni hazipimiki kwa simu. Na njoo na mausipisi niishonee mfuko wake.

binti_besi
Alhamisi nakuja na Noah ya saa moja asubuhi. Nimekata siti mbili.