Gumzo la ukoo: hizi O-U-G-H zisomwe vipi?

*Mama Nasra:* Asalaam alaykum nyote. Nasra kesho anasomeshwa mbele ya darasa maneno haya: though, through, tough, cough, bough, thought, thorough. Yote yana o-u-g-h katikati au mwishoni. Mimi ishanishinda. Shemegi Haji, wewe na wazungu wako wa Mji Mkongwe, tusaidie.

*Salum:* Waalaykum salaam. Mama, mwambie asome zote "ogh" akae chini. Darasa zima litasoma hivyo hivyo.

*Bibi:* Salum, mwache mwenzio asome.

*Ami Haji:* Waalaykum salaam. Nasra mwanangu, andika kama nnavyoandika hapa, kwa herufi zetu:
though = dho
through = thruu
tough = taf
cough = kof
bough (tawi la mti) = bau
thought = thoot
thorough = thara
Dh isome kama ya dhahabu, th kama ya thelathini. Hapo sisi hatuna taabu, wageni wangu wa Kifaransa ndio wanaotoka jasho.

*Salum:* Maneno saba, sauti saba! Hizi herufi ni kama tapeli, kila mtaa ana jina jipya.

*Nasra:* Shikamoo Ami. Sasa kanuni yake ipi? Ticha atauliza.

*Ami Haji:* Marahaba. Kanuni moja ya zote hamna, na usimkubali atakayekwambia ipo. Sababu ipo lakini. Zamani Waingereza walikuwa na kh, hii hii yetu ya kheri. Night walikuwa wakiisema kama "nikht". Waandishi wao wakaiandika kwa g na h. Baadaye ile kh ikawatoka midomoni. Pengine ikapotea kabisa, kama kwenye though na night, pengine ikageuka f, kama kwenye cough, tough na laugh.

*Mama Nasra:* Shemegi, haya umeyapata wapi?

*Ami Haji:* Kuna mgeni wa Kijerumani tulikaa Forodhani tunakula urojo akanieleza. Wao kh bado wanayo. Usiku ni Nacht, binti ni Tochter. Linganisha na night na daughter uone gh imekaa pale pale. Hata Scotland wapo wanaosema "nikht" mpaka leo.

*Bibi:* Sauti imeondoka, herufi wameziwacha za nini?

*Ami Haji:* Mama, hapo ndipo penyewe. William Caxton alifungua kiwanda cha kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476. Kuanzia hapo maandishi yakaanza kutulia, na midomo ya watu ikaendelea kubadilika. Irabu zao nazo zilikuwa zinahama wakati huo huo. Sisi tahajia hii ya herufi za kirumi imesawazishwa juzi tu, kamati ilianza kazi 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

*Salum:* Na sie Wapemba tukaambiwa tufuate 🙄

*Shangazi Zuhura:* Nimechelewa, nilikuwa kazini. Nasra, huku Uingereza, Leicester (isome "Lesta", usiulize) nikipanda treni nakutana na kibao kimeandikwa Loughborough. Jina moja, ough mbili, na hazifanani: "Lafbara". Wageni wanasema "Lugaboruga", wallahi nilicheka mpaka nikajiona mbaya.

*Mama Nasra:* Wifi usimtishe mtoto!

*Shangazi Zuhura:* Haya, nampa la kumsaidia. Usikariri moja moja, funga makundi kwa sauti. Tough weka na rough na enough. Cough na trough. Though na dough na although. Bough na plough, ingawa Wamarekani wao huandika plow. Thorough na borough. Through mwache peke yake, hana mwenzake. Halafu thought inakuja na bought, brought, fought. Ukiona t mwishoni soma "oot", na mara nyingi ni jambo lililokwishapita: nilinunua, nilileta, nilipigana.

*Nasra:* Hiyo nimeipenda. Kwa hiyo drought ni "droot"?

*Shangazi Zuhura:* 🤦🏾‍♀️ "Draut". Ndiyo hiyo moja inayoharibu.

*Salum:* Ukame umeingia mpaka kwenye kanuni.

*Ami Haji:* Na hiccough, kwikwi, imeandikwa na cough ndani lakini inasomwa "hikap". Watu walidhani ina uhusiano na kikohozi, wakaitia. Ya asili ni hiccup.

*Bibi:* Kwikwi dawa yake maji. Nasra soma tukusikie.

*Nasra:* 🎤 0:19

*Ami Haji:* Mashallah! Thara tu umeivuta sana mwishoni, ikate. Kof yako safi.

*Nasra:* Ahsante Ami. Rafiki yangu anasema ticha kaongeza moja: slough.

*Ami Haji:* Ehee. Ikiwa ni kinamasi, "slau". Ikiwa ni nyoka kujivua gamba, "slaf".

*Nasra:* Herufi zile zile?

*Ami Haji:* Zile zile.

_Salum ameondoka_

*Bibi:* Mrudisheni huyo, kesho zamu yake kununua unga.