Mnaoandika DROP TABLE ndani ya onUpgrade mnafuta madaftari ya watu!

Wakuu, hii tabia itaisha lini? Mtu anasasisha programu ya daftari la duka, akiifungua ni tupu. Madeni ya wateja wote yamekwenda. Akilalamika anajibiwa "futa, sakinisha upya". Ndiyo tiba hiyo?

Chanzo kinajulikana. Ukipandisha namba ya toleo la kanzidata, Android inaita onUpgrade, sehemu ya msimbo ya kuhamisha data ya zamani. Mafunzo ya wanaoanza huweka pale DROP TABLE IF EXISTS (futa jedwali kama lipo), kisha onCreate inayoliunda upya likiwa tupu. Ule ni mfano wa darasani, lakini watu wanaunakili mpaka Play Store. Wa Room (maktaba ya Google ya kanzidata) nao wanabandika fallbackToDestructiveMigration() (ikikosa hatua ya kuhama, futa yote) ili programu isianguke. Haianguki kweli, inafuta kimyakimya, na hilo ni baya zaidi.

Msiisingizie SQLite, kanzidata yenyewe iliyomo ndani ya Android. Toleo la leo linasoma faili la 3.0.0 la mwaka 2004, na wenyewe wamekusudia kuitunza hadi 2050.

Andika hatua ya kila toleo, 3 kwenda 4, 4 kwenda 5, ziendeshwe kwa mfululizo, maana anayebania bando ataruka kutoka 3 hadi 7. Hatua iliyokwisha kutoka haiguswi tena. Ukiongeza safu (column) yenye NOT NULL (isiyoruhusu kuwa tupu), ipe DEFAULT (thamani ya kuanzia), la sivyo ALTER TABLE, amri ya kubadili jedwali, inakataa. Kubadili jina la safu kunataka SQLite 3.25 na kuifuta 3.35, wakati Android 10 ina 3.22. Kwenye simu yako mpya inapita, kwa mteja inakufa. Kwa simu hizo unda jedwali jipya, hamisha kwa INSERT INTO ... SELECT, futa la zamani, kisha lipe jipya jina lile.

Na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kama umewasha foreign keys (viungo kati ya majedwali) kwenye onConfigure, inayoitwa kabla ya onUpgrade, na jedwali la madeni lina ON DELETE CASCADE (mteja akifutwa, madeni yake nayo yanafutwa), kufuta jedwali la wateja kunazoa madeni yote. PRAGMA foreign_keys = OFF ndani ya onUpgrade haisaidii kitu, kwa sababu tayari uko ndani ya transaction (kundi la amri zinazopita zote au hakuna), na humo amri hiyo haifanyi kazi. Ziwashe kwenye onOpen, inayoitwa baada ya onUpgrade.

Kuna wengine hawafuti, wanapotosha. Umehifadhi enum (orodha ya hali zenye majina) kwa ordinal, yaani namba ya nafasi yake: 0 imelipwa, 1 deni. Toleo jipya unachomeka "imeahirishwa" juu kabisa, basi waliolipa wote wanasomeka wameahirisha na wenye deni wanasomeka wamelipa! Hifadhi jina, si nafasi.

Nakala ya akiba nayo: ukikopi faili la .db peke yake huku faili la pembeni la -wal lina maandishi mapya ambayo hayajaingizwa ndani yake, umeacha mauzo ya mwisho nje. Endesha PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE) kwanza ili yaingie.

Halafu mnaoweka exportSchema = false (Room isitoe faili la JSON la muundo wa kanzidata) ili onyo lipotee: MigrationTestHelper, kifaa cha kujaribu hizo hatua, itajaribu nini bila JSON ya matoleo ya zamani? Irudisheni true, na hizo JSON ziingie Git leo.