Kampuni moja ya umeme kwa Afrika Mashariki nzima: kwa nini iligawanyika mapema kuliko reli na posta?

Mkaazi wa Makupa ameuliza:

Wakuu, hamjambo. Katika kasha la marehemu babu yangu, aliyekuwa karani bandarini Mombasa, nimekuta ankara ya umeme ya mwaka 1957 ambayo juu yake kuna jina la East African Power and Lighting Company. Kwa jina hilo mtu angedhani kwamba umeme ulikuwa wa nchi zote tatu kwa pamoja, kama ilivyokuwa reli. Lakini najua pia kwamba kufikia wakati huo Uganda ilikuwa tayari na bodi yake ya umeme, na kwamba Tanzania iliichukua TANESCO mwaka 1964, yaani miaka 13 kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Je, kampuni hii iliwahi kweli kuwa ya eneo zima? Na kama iliwahi, mbona iliachwa mkono mapema hivyo, ilhali reli, posta na ndege zilidumu pamoja hadi mwisho?

Nina swali dogo la pili. Historia inayotolewa na kampuni ya Kenya huanza na jenereta ya Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1875. Jambo hilo lina ukweli gani?

Mpekuzi wa Nyaraka amejibu:

Ndugu Mkaazi, kampuni hiyo haikuwahi kuwa shirika la umma la nchi tatu. Reli na posta ziliwekwa chini ya Tume Kuu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, kisha zikapita mikononi mwa vyombo vilivyoirithi hadi kufika kwenye Jumuiya ya 1967. Kampuni ya umeme ilikuwa ya wenye hisa, ikiendeshwa kutoka Nairobi, na ilivuka mipaka kwa kununua hisa na kuomba leseni, si kwa mkataba wowote wa serikali.

Asili yake ni miji miwili. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua ile jenereta ya Zanzibar, na hapo ikazaliwa kampuni ya kukipatia umeme kisiwa cha Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya peke yake ya kuusambazia umeme mji wa Nairobi. Kampuni hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1922, ndipo likapatikana jina ulilolikuta kwenye ankara. Mwaka 1932 kampuni mpya ilipata hisa za kutosha kuitawala TANESCO ya Tanganyika, na kabla ya muongo huo kwisha ilikuwa na leseni ya kuzalisha na kusambaza umeme Uganda. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, iliwahi kuwa ya eneo zima, lakini kwa muda mfupi mno: kuanzia miaka ya 1930 hadi 1948.

Kilichoivunja kwanza ni Mto Nile. Mhandisi Charles Westlake, aliyeletwa kuchunguza hali ya umeme Uganda, alipendekeza mwaka 1947 kwamba nchi iwe na bodi ya umma na ijenge bwawa kubwa Owen Falls, pale Jinja. Mradi wa ukubwa huo, ambao ulikusudiwa kufikia megawati 150, ulihitaji fedha na dhamana ya serikali, na serikali ya kikoloni ya Uganda haikuona sababu ya kuikabidhi kampuni binafsi ya Nairobi mto wake. Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa mwaka 1948 na kuchukua shughuli za kampuni hiyo nchini humo. Naomba izingatiwe kwamba walioanza kuigawa kampuni ni wakoloni wenyewe, miaka 14 kabla ya uhuru wa Uganda. Lawama ambayo hutupiwa viongozi wa miaka ya 1960 na 1970 haina nafasi kubwa hapa.

Wa Hale amejibu:

Naongezea upande wa Tanganyika, maana mara nyingi husimuliwa kwa sentensi moja. Umeme wa umma ulianzia Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wenyewe. Waingereza waliurithi wakauweka chini ya idara ya serikali, kisha mwaka 1931 wakaamua kuuacha kwa watu binafsi, zikatokea kampuni mbili. DARESCO ilichukua Dar es Salaam na miji ya reli ya kati kama Dodoma na Tabora. TANESCO ilipewa maporomoko ya Mto Pangani, huku kwetu, ili kuyapatia umeme mashamba ya mkonge na mji wa Tanga.

Ukipita leo Hale utaelewa hesabu yao: mto uko karibu, bandari iko karibu, na katikati kuna viwanda vya kuchakata mkonge ambavyo vilikuwa wateja wa uhakika. Kampuni ilifuata mlipaji. Vijiji vilivyokuwa chini ya waya viliendelea na koroboi zao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya msingi iliyoifanya serikali ya Tanzania inunue hisa za kampuni hizo mwaka 1964 bila kungoja mjadala wa Afrika Mashariki. Mwaka 1968 zikawa kitu kimoja kwa jina la TANESCO.

Fundi wa Laini Kuu amejibu:

Waheshimiwa wamelieleza vizuri suala la umiliki, nami niseme kuhusu waya, kwa sababu historia ya waya ilikwenda kinyume na ya hisa. Wakati kampuni ilipokuwa na mali katika nchi zote tatu, mitambo yake ilikuwa visiwa: Kampala peke yake, Tanga peke yake, na hata Nairobi na Mombasa, zilipounganishwa kikampuni mwaka 1922, kila mji ulitegemea mitambo yake. Waya mkubwa wa kwanza kuvuka mpaka ulikuja baada ya Uganda kujitenga. Mwaka 1954, mwaka ambao bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, iliundwa Kenya Power Company kwa ajili ya kusafirisha umeme wa Uganda kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Juja, karibu na Nairobi, na kampuni ya babu yako ndiyo iliyopewa kazi ya kuisimamia. Kenya na Tanzania zilichelewa zaidi: gridi zao za taifa ziliunganishwa kwa njia ya kilovolti 400 mwishoni mwa 2024, miaka 60 baada ya hisa za TANESCO kuuzwa.

Kenya ilibaki na jina la Afrika Mashariki kwenye ankara zake hadi mwaka 1983, lilipobadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting, ingawa kwa karibu miaka 20 kampuni haikuwa na mteja nje ya nchi.

Mpekuzi wa Nyaraka amejibu tena:

Kuhusu 1875, mimi huisoma tarehe hiyo kwa tahadhari. Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na mashine za kuzalisha umeme zilikuwapo Ulaya, lakini vituo vya kwanza vya kuuza umeme kwa wateja, London na New York, vilifunguliwa mwaka 1882. Jumba la Beit al-Ajaib, ambalo husifiwa kwa taa zake za umeme, lilijengwa mwaka 1883. Kuwaka kwa kasri na mitaa ya jirani miaka minane kabla ya hapo si muhali, lakini kunahitaji ushahidi mzito kuliko sentensi moja inayonakiliwa kutoka chapisho hadi chapisho.

Mkaazi wa Makupa:

Nimeshukuru sana, wakubwa zangu. Na Zanzibar yenyewe, baada ya jenereta kwenda Mombasa, leo inapata umeme wapi?

Fundi wa Laini Kuu:

Bara. Waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulilazwa mwaka 1980, na ulipoharibika Desemba 2009 Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Pemba ina wake kutoka Tanga.