Sahani ya nkambo iko na ngao, ni ya familia gani?

Mwana_Katuba:
Jambo ba ndugu, nkambo yetu alikuwaka mupishi kwa muzungu mumoja Mungereza hapa Lubumbashi, ile wakati bado inaitwa Elisabethville, sasa kugawanya vyombo vyake tumekuta sahani ya porseleni, katikati kuko ngao inakatwa mara mbili, kushoto simba, kuume nyota tatu, chini maneno ya kilatini. Mama mukubwa anasema ni ya mfalme. Muntu mumoja ku soko anatoa dola 20. Niuzishe ao ningoje?

Hapa_Ruashi:
Ngoja kwanza, na mfalme hapana. Ngao ya kukatwa katikati mara mingi ni ndoa: kushoto kwako ni ya bwana, kuume ni ya ukoo wa bibi. Ukijua hizo koo mbili utajua ndoa gani, na ndoa iko na mwaka, njo vile wanapimaka umri wa sahani. Ingekuwa na umbo la almasi tungesema mujane ao mwanamuke hajaolewa. Kilatini usikifuate sana, familia nyingi zilitumia maneno yale yale. Hata jina la boss wa nkambo kufanana haitoshi, ngao inarithiwa mu ukoo, haiko ya kila mwenye jina. Geuza nyuma: ukikuta «England» ni ya kisha 1891, juu ya sheria ya ushuru ya Marekani, ilitaka vyombo vya kuingia kule viandikwe inchi vilitoka.

Mzee_wa_Kenya:
Nyuma ikiwa tupu ndiyo vizuri zaidi! Karne ya 18 Bangereza mingi baliagizaka kwa Bachina, mchoro wa ngao unaenda na meli mpaka Canton, bandari ya China, sahani zinatengenezwa Jingdezhen, muji wao wa porseleni, unangoja hata miaka miwili. Kuko wachoraji walinakili mpaka maelezo, pahali pa kupaka rangi nyekundu wakaandika neno lenyewe «nyekundu» kwa kingereza hahaha

Mwana_Katuba:
Nimegeuza. England hakuna, ila kuko kaalama kadogo kekundu sawa muhuri ya kichina. Njo ya China?

Mzee_wa_Kenya:
Aah pole. Zile za China za kweli mara mingi hazina alama. Muhuri wa kuiga uchina, hiyo ni mambo ya Samson wa Paris, karne ya 19 alitengeneza kopi mingi sana za sahani za ngao. Tuma foto tuone.

Mwana_Katuba:
Foto kesho, mama mukubwa amesha kuweka sombe ndani