Nimedhalilishwa Mbele ya Watu kwa Sababu ya Cardassia, na Sitanyamaza

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirudia jambo moja mara nyingi. Jioni hii, pale kijiweni karibu na Nyerere Square, yule bwana mnayemfahamu nyote (sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna mpenzi wa tamthilia za anga hapa Dodoma ambaye hajawahi kukatizwa kauli naye) ameniuliza mbele ya kadamnasi kama Damar (kiongozi wa kubuni wa Cardassia, dola ya kwenye Star Trek) ana kiwanja Ihumwa.

Naomba mlisome tena swali hilo polepole. Kama Damar ana kiwanja Ihumwa.

Hadi hapo mjadala ulikuwa wa heshima. Tulikuwa tunajiuliza iwapo dola ya kibabe ikishindwa vitani inaweza kujirekebisha, ama inaficha makucha tu ikisubiri washindi wazeeke. Yeye alikwishatoa hukumu kabla kahawa haijamiminwa kwamba dola haibadiliki, na ushahidi wake wote ulikuwa Star Wars, ambako mabaki ya Dola yalikimbilia pembezoni mwa galaksi baada ya vita vya Jakku na kurudi miaka kama 30 baadaye kwa jina la First Order, yakailipua sayari ya Hosnian Prime pamoja na serikali ya washindi iliyokuwa imekaa pale. Nikakubali kwamba hayo ni kweli. Nikamwomba tu atazame na upande wa pili, yaani Cardassia ya kwenye Star Trek: Deep Space Nine, dola iliyoikalia kimabavu sayari ya Bajor kwa miaka 50 na kuua mamilioni ya Wabajor, ikajiunga na Dominion, dola kubwa zaidi kutoka mbali, mwaka 2373 kwa tamaa ya kurudisha ukubwa wake, na ikaishia kupoteza watu zaidi ya milioni 800 mwaka 2375 pale bwana wake mpya alipoigeuka na kuamuru iteketezwe.

Nilikuwa nakaribia kilele cha hoja. Nilikuwa nimefika mahali ambapo Damar, kiongozi wa waasi, anaelekezewa macho na wenzake wote kwa sababu Rusot, rafiki yake wa miaka mingi, anataka kumuua Garak, mwasi mwenzao, ili mapambano yawe ya kuirudisha Cardassia ya zamani, na Damar anamfyatulia rafiki yake badala ya Garak, kwa kuwa ameshatambua kuwa Cardassia hiyo imekufa na hairudi. Wakuu, hapo ndipo mageuzi yanapoanzia. Na hapo hapo, kabla sijatamka neno mageuzi, bwana yule aliinua mkono kama mtu anayesimamisha daladala, akaniuliza kama Damar ana kiwanja Ihumwa.

Kicheko kilisikika hadi Msalato. Muuza kahawa alilazimika kuliweka birika chini. Kuna mzee ambaye tangu nimfahamu sijawahi kumwona akitabasamu, naye alijifuta machozi kwa kofia yake. Sikupewa nafasi ya kueleza kwamba Idara ya Usalama ya Cardassia, ile Obsidian Order iliyokuwa ikiwatisha raia hata mezani kwao, ilikuwa imekwisha kuangamizwa mwaka 2371, wala kwamba baada ya hapo Baraza la Detapa, yaani serikali ya kiraia, liliwahi kuwanyang'anya wanajeshi madaraka. Watu wale walikuwa na mbegu ya kitu kingine kabla ya kushindwa. Lakini nani angenisikiliza, wakati kijiwe kizima kinajadili kama hati ya Damar imetoka au bado anahangaika na mpima ardhi?

Nataka kujua kama jukwaa hili linakubali mtu mzima adhalilishwe namna hii.

Zabibu Chungu: Pole sana mkuu. Nimesoma uzi wako hadi mwisho nikitafuta jibu la msingi, na sijaliona. Anacho au hana?

Kaptaini wa Nkuhungu: Nilikuwepo, na ukweli lazima usemwe. Mleta uzi hakuzungumza kwa upole. Alikuwa amesimama juu ya benchi, na aliyataja majina ya Wakardasia mengi kiasi kwamba kijana wa kahawa alidhani anaagiza vikombe vya kundi zima. Kuhusu hoja yenyewe, Damar huyo unayempamba ndiye aliyemuua Ziyal, binti asiye na silaha, na kabla hajageuka alikuwa mlevi aliyetia sahihi kila karatasi aliyowekewa mbele. Aliasi kwa sababu Dominion walimdharau. Mtu aliyegeuka kwa kudharauliwa, akiheshimiwa tena atageuka kurudi.

Mleta uzi: Kaptaini, sikuwa juu ya benchi, nilikuwa nimeegemeza goti. Na sijasema Damar ni malaika. Familia yake iliuawa na Dominion, na aliposhangaa ni dola gani inayoua mama na watoto wasio na hatia, aliyekuwa amekaa mbele yake ni Kira Nerys, Mbajor, mpiganaji wa msituni aliyetumwa kuwafundisha waasi wa Cardassia mbinu zile zile alizotumia kuwaua wao. Kira akamrudishia swali lake, na Damar akakaa kimya. Ningeyasema haya jioni hii kama nisingeulizwa habari za Ihumwa! Mtu anazungumzia dhamiri ya taifa, anaulizwa kiwanja!

Mwalimu Mstaafu wa Makole: Wanangu, shikamooni nitaipokea baadaye. Swali ni zuri ingawa mwenye kuulizwa amekasirika mno. Ujerumani ilishindwa mara mbili. Baada ya mwaka 1918 majenerali wake waliachwa wadanganye wananchi kwamba jeshi halikushindwa ila lilisalitiwa na raia, na ilipofika Januari 1933 Hitler alikuwa kansela. Baada ya mwaka 1945 hakuna aliyeweza kusema uongo huo, kwa kuwa miji ilikuwa vifusi na majeshi ya kigeni yalikuwa barabarani. Wakubwa wakapelekwa mahakamani Nuremberg, na fedha za Mpango wa Marshall zikaanza kuingia mwaka 1948. Tofauti haikuwa tabia ya Wajerumani. Cardassia ya mwisho inafanana na mwaka 1945, ila sisi watazamaji hatukuonyeshwa nani atalipia matofali.

Nanyi vijana msitazame mbali sana. Jeshi letu liliingia Kampala mwezi Aprili 1979, nduli akakimbia, na wengi wetu tulidhani kazi imekwisha. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mkanda miezi 18. Uganda yenyewe haikutulia. Ulikuja uchaguzi uliogombaniwa wa mwaka 1980, mapinduzi ya mwaka 1985, na vita vya msituni hadi Januari 1986. Kumwondoa mtawala kulichukua miezi michache, na dola aliyoiacha ilibaki pale pale na bunduki zake, ikisubiri mwenye kuishika. Kwa hiyo yule bwana wa kijiweni ana nusu ya hoja, japokuwa mdomo wake ni mchafu.

Mleta uzi: Mwalimu, shikamoo. Nashukuru kwa kukiri kuwa mdomo wake ni mchafu.

Zabibu Chungu: Katika aya mbili za Mwalimu umeona neno hilo moja tu?

Binti wa Kondoa: Mimi nina malalamiko yangu, na ni makubwa kuliko ya mleta uzi. Kila mara mnajadili kama mshindwa amejirekebisha, hamuulizi mshindi amefanya nini. Jamhuri Mpya ya Star Wars ilishinda, ikatia sahihi mkataba, kisha ikapunguza jeshi lake kwa asilimia 90 kana kwamba uovu ulikuwa umezikwa na jenerali wa mwisho! Wale waliokuwa watumishi wa Dola wakawekwa kwenye mpango wa msamaha pale Coruscant, wakapewa namba badala ya majina na kazi za kuteketeza vifaa, na hakuna aliyejali wanawaza nini. Halafu mnashangaa First Order imetoka wapi. Mimi hilo limeniuma tangu mwaka 2015 na sijawahi kulifungulia uzi.

Kaptaini wa Nkuhungu: Dada, hapo umesema. Tena waliobaki na meli ndio waliokuwa hawajasamehewa.

Mgogo wa Galaksi Zote: Nyote mnapoteza wakati kwa kuwa mmewasahau Waklingoni, dola nyingine ya Star Trek. Mwezi wao Praxis ulilipuka mwaka 2293, uchumi ukaporomoka, wakalazimika kukaa Khitomer kutia sahihi amani na Shirikisho (muungano wa sayari wenye wanadamu ndani yake) walilolichukia, na kila mtu akapiga makofi kwamba wamebadilika. Mwaka 2372 wakaivamia Cardassia kwa kisingizio kwamba serikali yake ya kiraia imeshikwa na majasusi wa Dominion, wakajitoa kwenye mkataba, na wakapigana na Shirikisho lile lile. Yaani baraza hilo analolisifu mleta uzi, waliokuja kulivunjavunja ni dola iliyokwisha kujirekebisha! Hilo ndilo la kulilia, si maneno ya kijiweni.

Mleta uzi: Naona uzi unahama. Naomba turejee kwenye tukio. Nilikuwa katikati ya sentensi. Mkono ukainuliwa.

Binti wa Kondoa: Mgogo, Waklingoni hawakushindwa vitani, waliishiwa. Huwezi kuwaweka kapu moja na Cardassia. Aliyeishiwa anasaini ili apate pumzi, na akishapumua anakumbuka fahari yake.

Mgogo wa Galaksi Zote: Basi nipe dola moja iliyoshindwa kabisa ikabadilika kabisa, na usinitajie Japani, kwa kuwa mfalme wao aliachwa kwenye kiti chake hata baada ya katiba ya mwaka 1947.

Mwalimu Mstaafu wa Makole: Aliachwa kiti, akanyang'anywa uungu na amri. Hilo si jambo dogo, mwanangu.

Kaptaini wa Nkuhungu: Mwalimu, kwa hiyo unasema Wakardasia wangeachiwa nembo yao na gwaride lao, ila wasiwe na jeshi? Martok, mkuu wa Waklingoni, asingekubali. Jamaa alikunywa mvinyo wake juu ya maiti zao pale pale Cardassia, wakati Sisko na Ross, makamanda wa Shirikisho, waliumwaga chini.

Binti wa Kondoa: Na ndiyo maana nasema tatizo ni washindi. Mmoja anamwaga, mwingine anakunywa, na kesho yake hao hao ndio watakaokaa meza moja kuamua Cardassia iishi vipi. Kaptaini, hebu nieleze, wewe ungempa nani kati yao ufunguo wa ghala la silaha?